Kukodi vifaa vya filamu Arusha: kijana wa kaunta nampa nyota tano, betri nazipa moja

Nimecheza jukwaani miaka 14, tangu nitoke chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, na jukwaa halijawahi kunidai betri. Filamu inadai kila kitu. Hii ya sasa ni ya dakika 12, ya tatu kuitoa kwa hela yangu mwenyewe (ya pili iliondoka na friji), kwa hiyo shilingi naijua kwa jina.

Duka liko Arusha, ghorofani, nyuma ya soko la Kilombero. Chini wanauza vipuri vya bodaboda. Jina nalibakiza, mtaona kwa nini. Kamera Sony A7 III na lenzi ya milimita 50 ni 70,000 kwa siku, maiki mbili za kubana kwenye nguo 15,000, taa 20,000. Unaacha kitambulisho cha NIDA na amana ya 200,000. Wakaulizia na kibali cha Bodi ya Filamu. Nilikuwa nacho, sheria ile ya 1976 inashika filamu na michezo ya jukwaani kwa pamoja, kwa hiyo tunajuana nayo zamani.

Kijana wa kaunta ndiye anayenifanya niandike. Aliona begi langu la mavazi, akachomoa kitenge kipya, akakisugua kwa vidole karibu na maiki, akanivisha hedfoni. Nikasikia kama mtu anakaanga dagaa.

"Mama, kifue hiki mara mbili kwanza, wanga utoke."

Kisha akaniomba niseme mstari wowote. Nikautoa ule wa ugomvi, kama ninavyoutoa ukumbini. Akavua hedfoni zake haraka.

"Samahani mama, umeniua sikio. Yule wa kiti cha mwisho leo amekaa hapa," akanionyesha kola yangu.

Nikarudia kama ninayesema karibu na mtoto aliyelala. Ugomvi ukawa mbaya zaidi, hadi mteja aliyekuwa anahesabu hela akatugeukia. Mstari huo nimeusema miaka miwili na sikujua una kisu ndani.

Tena bila kuombwa akanipangia shata, yaani muda jicho la kamera linaofunguka kwa kila picha, iwe sekunde 1/50, kwa vile umeme wetu ni wa hezi 50. Ningeacha 1/60, taa za tyubu za jikoni kwa shangazi kule Rau, Moshi, tulikopiga picha, zingechezacheza kwenye picha.

Sasa betri. Walinipa tatu. Ya kwanza ilishika saa moja na nusu, ya pili dakika 20, ya tatu ilikuwa tofali. Tukakaa tunasubiri chaji, na mwigizaji mwenzangu akaikaribia mbege, pombe ya ndizi, ya shangazi. Onyesho la jioni hakukumbuka hata jina la mhusika wake.

Na saa ya kurudisha ni 3 asubuhi. Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80, si mbali, ila Coaster inasimama kila kona na Tengeru ilikuwa siku ya soko. Nikafika saa 3 na dakika 40. Wakakata nusu ya kodi ya siku kwenye amana, 52,500, kijana akiangalia pembeni. Mwenye duka kwenye simu alikuwa na neno moja: mkataba. Mtu wa Njiro, hapo hapo Arusha, na mtu wa Moshi mkataba wao ni huo huo.

Juni narudi. Usiku wa kuamkia siku ya kurudisha nitalala kwa mdogo wangu anayekaa Sakina, hapo hapo Arusha, na betri nitazijaribu pale pale kaunta, moja moja, hata foleni ikifika ngazini.