Uzoefu wangu wa kubana matumizi ya umeme katika kompyuta mpakato ya zamani

Kompyuta yangu mpakato ina umri wa miaka tisa, inatumia Windows 10, na kabla sijagusa mipangilio yake ya umeme ilikuwa ikizimika dakika 75 tu baada ya kuchomolewa kwenye chaji. Nilianza kwa amri ya powercfg /batteryreport, inayoandikwa kwenye dirisha la amri la Windows (Command Prompt), ambayo hutoa ripoti inayolinganisha ujazo wa betri ilipoundwa na ule inaoweza kuhifadhi sasa. Yangu ilikuwa imebakiwa na nusu na ushei, hivyo nilijua mapema kwamba hakuna draiva (programu inayouwezesha mfumo kuendesha kifaa) wala mpangilio utakaonirudishia betri mpya.

Badiliko lililonifaa kuliko yote ni dogo mno: kushusha, kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kikomo cha juu cha prosesa (ubongo wa kompyuta) kutoka asilimia 100 hadi 99 kompyuta inapotumia betri. Asilimia hiyo moja huonekana kama mzaha, lakini katika prosesa nyingi za Intel za rika hilo huzuia mwendo wa ziada unaopita kasi ya kawaida, na kwa kuwa mwendo huo hudai volti kubwa zaidi, umeme na joto hupungua kuliko kasi yenyewe inavyopungua. Feni ilinyamaza siku hiyohiyo. Kuandika nyaraka na kusoma barua pepe hakukubadilika. Kuhariri video ndiko kulikochelewa.

Kwenye draiva za vifaa vidogo sikubahatika hivyo. Niliuruhusu mfumo uzime kadi ya Wi-Fi ili kuokoa umeme, na tangu hapo kila nilipoiamsha kompyuta kutoka usingizini mtandao haukuonekana mpaka niiwashe upya. Siku mbili nzima niliilaumu ruta isiyo na kosa, kisha nikaondoa alama ya ruhusa hiyo na tatizo likaisha. Sijairudisha tena, kwa sababu sikuona tofauti yoyote ya maana katika muda wa betri.

Amri ya powercfg /energy, inayohitaji haki za msimamizi na kuchunguza mfumo kwa sekunde 60, ilinifaa zaidi: ilionyesha kifaa cha USB kilichokataa kusinzia, nacho kilikuwa kipokezi cha mausi niliyoacha kuitumia zamani. Nilikichomoa, nikapunguza mwangaza wa skrini, na sasa betri hudumu karibu dakika 110.