Washauri wa "usimamizi wa maarifa" kiwandani kwetu: nyota tatu, na moja ni ya binti mmoja

Nimesimamia uzalishaji kwenye kiwanda cha mkonge huku Tanga kwa miaka kumi na moja, na washauri wa kila aina nimeshawaona wakishuka kwenye gari jeupe. Kwa hiyo bosi alipoingia mkataba wa miezi mitatu na kampuni moja ya Dar (jina nalihifadhi, maana nina malalamiko) watusaidie "usimamizi wa maarifa", yaani kutunza ujuzi wa kazi usibaki kichwani mwa mtu mmoja, mimi nilinuna. Bei yao ingetununulia pampu mpya ya maji, na mashine ya korona bila maji ni chuma kitupu.

Tuliwaita kwa sababu ya masika ya mwaka juzi, fundi wetu mkuu wa korona alipolazwa wiki tano. Kwa asiyeijua, korona ndiyo mashine inayokwangua jani la mkonge kwa dramu zenye visu butu mpaka zibaki singa tupu, yaani nyuzi. Katika uzito wa jani, singa ni kama asilimia nne tu, kilichobaki ni maji na nyama. Nafasi kati ya visu na bamba ikibana mno, singa zinakatika. Ikilegea, zinatoka na nyama ya kijani, na zikikauka zina madoa ambayo hata brashi haiyatoi. Halafu jani la masika si jani la kiangazi, na upande wa shina si mwembamba kama wa ncha. Mzee alikuwa akiyajua hayo yote, na aliyajua yeye peke yake. Vijana wakabahatisha. Marobota tuliyoyahesabu kuwa daraja zuri la 3L yakaangukia daraja la chini la UG, na mnunuzi wetu wa nje akatuuliza, kwa upole kabisa, kama tumehamia shamba jingine. Upole wa namna hiyo unatisha kuliko matusi. Brazil wanazalisha mkonge mwingi kuliko sisi, na kamba za plastiki zilishatuonyesha cha moto zamani. Hakuna mteja atakayekaa kusubiri mzee wetu aruhusiwe hospitali.

Kuna na jambo la cheti. ISO 9001, kile kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, toleo la 2015, kifungu 7.1.6, kinataka kampuni ijue ni ujuzi gani inauhitaji kufanya kazi yake, iutunze, na uwafikie wanaouhitaji. Mnunuzi alipotuuliza tunakitekelezaje, bosi alinitazama mimi, nami nikatazama dirishani.

Sasa huduma yenyewe. Wiki mbili za kwanza naziita hasara. Tulikaa ofisini tukionyeshwa slaidi. Kisha wakaja na programu yenye nywila, na fomu ya kurasa kumi na nne ambayo fundi aijaze mwenyewe. Mzee alirudisha fomu ina mstari mmoja: "Weka sikio." Wao wakaandika kwenye mwongozo wao: "Hakikisha mashine imerekebishwa ipasavyo." Ipasavyo! Hilo hata mlinzi wa getini angeliandika, tena bure.

Kilichowaokoa ni binti mmoja wa timu yao, mdogo kuliko wote. Wiki ya tatu alikuja peke yake, na buti za kuazima, saa kumi na mbili asubuhi. "Shikamoo babu." "Marahaba. Umepotea njia?" Akasema amekuja kujifunza korona. Kwenye chai na mihogo akamsimulia mzee habari za kampuni ya Matsushita ya Japani, iliyokuwa ikitengeneza mashine ya kuoka mkate nyumbani, mkate ukawa haukai sawa. Mhandisi wao, mwanamke anayeitwa Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka, mpaka akagundua kwamba yule bwana alikuwa akiuvuta unga na kuusokota, jambo ambalo mwokaji mwenyewe hakuwahi kulitamka. Mashine ikatoka mwaka 1987 na mbavu maalumu ndani ya chombo chake. Mzee akacheka: "Kwa hiyo na wewe umekuja kukanda?"

Akakanda kweli. Siku tisa alilisha majani mpaka mikono ikawasha kwa utomvu. Ndipo ikajulikana "weka sikio" ni nini: mzee anasimamisha bisibisi kwenye nyumba ya beringi, mpini anauegemeza sikioni, na anasikia mlio ukibadilika kabla singa hazijaanza kuharibika. Kumbe pia alikuwa akipima nafasi ya visu kwa vipande vya bati alivyovificha kwenye kopo la kahawa. Miaka yote hiyo nilidhani lile kopo lina misumari. Binti akapima unene wake, akachonga vingine, akavipaka rangi: vyekundu vya kiangazi, vya buluu vya masika. Milio akairekodi kwa simu, mzima na mbovu, vijana wanasikilizishana WhatsApp.

Ila siku ya nne mzee aligoma. Alimuuliza, "Mkishaniandika nikaisha, mtanifanyaje?" Swali hilo halimo kwenye fomu yao ya kurasa kumi na nne, na kwangu ni upungufu mkubwa kuliko ule wa programu. Washauri hawakuwa na jibu. Nilikwenda kwa bosi mwenyewe, tukaandikiana na mzee mkataba wa ualimu wenye posho yake, miaka mitatu baada ya kustaafu. Kesho yake akaja na kopo la pili.

Kwa hiyo nyota tatu: moja ya kifungu 7.1.6, maana mkaguzi alipokuja tulimpeleka moja kwa moja kwenye korona. Moja ya vipande vya bati. Moja ya binti. Masika yaliyopita tulibaki kwenye 3L ingawa mzee alikuwa msibani Lushoto wiki nzima. Mbili nimezikata kwa slaidi na kwa ile programu, ambayo tangu wafunge mizigo imefunguliwa mara moja, tena na mimi, nikitafuta namba zao za simu.

Ukiwaita, andika kwenye mkataba siku ngapi watakaa mashineni na ni nani atakayekaa. Sisi tumewaambia warudi kwenye chumba cha kusokota kamba, kwa sharti kwamba aje yule yule. Mama wa huko ameshaanza kuuliza kama anakunywa chai yenye tangawizi.