Sonata ya Mozart K. 304: fotepiano au piano ya kisasa?

Mozart aliikamilisha sonata hii ya kinanda na fidla, ya ngazi ya E maina (K. 304 ni namba yake katika orodha ya kazi zake), jijini Paris mwaka 1778, mwaka uleule aliofiwa na mama yake jijini humo. Ina sehemu mbili tu.

Fotepiano, yaani piano ya enzi hizo, ina fremu ya mbao, nyundo zilizovishwa ngozi na takribani oktava tano. Sauti yake huzimika upesi, hivyo haiifuniki fidla yenye nyuzi za utumbo. Sikiliza mwanzo: vyombo vyote viwili vinapiga wimbo mmoja, bila mapambo, na ukavu ule wa sauti unaufanya uchungu usikike wazi.

Piano ya kisasa, yenye fremu ya chuma na vibonyezo 88, hujaza ukumbi mkubwa. Mpigaji akizembea, fidla hubaki msindikizaji. (Toleo la kwanza, kusema kweli, liliiita hivyo hivyo: sonata za kinanda zikisindikizwa na fidla.) Ila sehemu ya pili inapoingia ngazi ya E meja, sauti ndefu ya piano hii hupendeza mno.

Kwangu ni fotepiano, hasa ukisikiliza kwa spika za masikioni. Ukumbini, chagua ya kisasa.