Uzoefu Wangu: Duka la Filamu Lililonitafutia Scrooge wa Utotoni

Kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta filamu moja ya Krismasi ambayo mimi na ndugu zangu tuliitazama utotoni mtaani Buruburu, Nairobi, lakini hakuna kati yetu aliyekumbuka mwigizaji wala mwaka wake. Hadithi yenyewe tuliijua: ni A Christmas Carol ya Charles Dickens, iliyochapishwa London tarehe 19 Desemba 1843, inayomhusu bahili Ebenezer Scrooge anayejiwa na mizuka usiku wa kuamkia Krismasi. Kikwazo ni kwamba imeigizwa mara nyingi mno, na nyingi ya filamu hizo hubeba jina la kitabu au jina la Scrooge.

Kwanza nilijaribu programu moja ya akili unde. Niliieleza kwamba picha hazikuwa na rangi, kwamba mzuka wa Marley, mshirika wa Scrooge wa biashara aliyekwisha kufa, ulikuja ukiburuta minyororo, na kwamba mwishoni Scrooge alinunua bata mzinga. Bila kuniuliza swali lolote, ikasema ni ile ya 1951 aliyoigiza Alastair Sim. Niliitazama yote, ni filamu nzuri sana, ila siyo yetu.

Duka ninalolisifu liko orofani katika jengo moja karibu na Moi Avenue. Mhudumu, kijana mpole anayeipenda kazi yake, alinisikiliza hadi mwisho kisha akauliza, "Mama, ni filamu iliyokosa rangi, au ni runinga yenu?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, na ni kweli kwamba runinga yetu ya wakati ule haikuonyesha rangi.

Akaniomba niweke kando minyororo, mizuka na bata mzinga, kwa kuwa yote hayo yamo kitabuni na waongozaji wengi huyatumia. Alitaka nimtajie jambo ambalo Dickens hakuliandika. Hapo ndipo nilipokumbuka mambo mawili. La kwanza, Scrooge akiwa kwenye soko la wafanyabiashara, akikataa kuwapunguzia wanunuzi bei ya nafaka na kuwaonya kwamba wakingoja itapanda. Sisi tuliokuwa tukiwasikia wazazi wakilalamikia bei ya unga hatukuweza kulisahau. La pili, familia fukara iliyojihifadhi chini ya daraja. Akauliza pia iwapo watu waliimba katikati ya hadithi, na nilipokana, akaondoa ile ya 1970 ya Albert Finney na ile ya 1992 ambamo Michael Caine anaigiza pamoja na vikaragosi.

Jibu lake lilikuwa filamu ya televisheni ya 1984, iliyoongozwa na Clive Donner, Scrooge akiwa George C. Scott. Ilipigwa Shrewsbury, Uingereza, na kaburi la Scrooge lililotengenezwa kwa ajili yake liliachwa katika uwanja wa kanisa la St Chad's. Akanionyesha kipande kifupi, na mara tu Edward Woodward alipotokea katika joho la kijani kama Mzuka wa Krismasi ya Sasa, nilimtambua, ingawa kijani hicho nilikuwa nakiona kwa mara ya kwanza.

Hakunitoza chochote kwa kuitambua. Nililipia diski tu, ambayo iliagizwa na ikachelewa kuliko nilivyoahidiwa bila mtu kunipigia simu, na hilo wanapaswa kulirekebisha. Diski haina maandishi ya Kiswahili chini ya picha, jambo lililomsumbua mama yangu, kwa hiyo ilibidi nimfasirie mazungumzo tulipokuwa tukitazama. Jengo halina lifti, na anayesumbuliwa na magoti afadhali amtume kijana. Yeyote atakayekwenda aandike mapema yale anayoyakumbuka, hasa ya pembeni yasiyomo kitabuni, na aende asubuhi ya siku ya kazi, kwani jioni na Jumamosi wateja hujaa na mhudumu hapati nafasi ya kuuliza maswali yake kwa utulivu.