Kofia dirishani, mkeka uani

Mimi nashona kofia za mkono, dada yangu anasuka mikeka ya ukindu. Kila tukimaliza kazi tunabishania picha: yeye hukimbilia uani, mimi husogea dirishani.

Kofia nyeupe ukiipiga picha juani saa saba mchana inatoka kama sahani. Pwani yetu iko karibu na ikweta, jua linakaa utosini, na vile vitobo nilivyovizungushia uzi wiki nzima havionekani. Dirishani mwanga huingia kwa ubavu, kila kitobo kikapata kivuli chake. Weupe ukigeuka kijivu, naigusa kofia kwenye kioo cha simu na kupandisha mwanga kidogo. Karatasi nyeupe upande wa pili hulainisha kivuli.

Mkeka, nakiri, hauenei dirishani. Huo ni wa uani, ila saa kumi na moja jioni, jua likishainama, ndipo rangi za ukindu hukolea na msuko ukasomeka. Dada hasubiri, jioni, anasema, ana chapati za kusukuma.

Taa ya simu? Hiyo msiniulize.