Mashine ya presha nimeirudisha, nimebaki na brashi

Upande wa kaskazini wa nyumba yetu hapa Columbus, Ohio, jua haliufikii vizuri, na baada ya miaka mitatu ulikuwa umeota kijani kama ukuta wa kisima. Nyumba nyingi za huku zimevikwa vinili kwa nje, vibao virefu vya plastiki vilivyopandana, cha juu kikifunika kichwa cha kile cha chini. Mwezi Mei nikakodi mashine ya kuoshea kwa presha ya maji, ya petroli, PSI 3,000 (kipimo cha msukumo wa maji), dola 85 kwa siku. Nikajiona fundi.

Uchafu inatoa, tena kwa fujo. Ila dukani walinikabidhi nozeli, vile vichwa vya kutolea maji, za rangi rangi bila maelezo ya maana. Nyekundu hutoa maji kama sindano, yanatawanyika digrii 0. Njano ni 15, kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi ni ya sabuni. Nikaanza na njano. Hazikupita dakika tano, ukingo wa kibao kimoja karibu na bomba ukapasuka, kipande cha ukubwa wa kucha kikaruka. Nikahamia nyeupe. Kupanda ngazi na lile dude sikuthubutu, maana ukibonyeza linakusukuma nyuma na ngazi haina mshikaji. Basi nikasimama chini, nikawa narusha maji kuelekea juu. Hapo ndipo nilipoharibu.

Kesho yake asubuhi, ukuta wa ndani chini ya dirisha la chumba cha watoto ulikuwa umelowa. Nikampigia shemeji yangu aliyeko Minnesota, amefanya kazi za ujenzi huko. Kwanza akacheka.

"Shemeji, hiyo ni nyumba, si Fuso. Makuti si unayajua? Mvua ikishuka inateleza. Sasa simama chini uyarushie maji kutokea uvunguni, uone kama ndani patakauka."

Sikuwa na jibu. Vinili haizuii maji yote, kazi yake ni kuyateremsha, na kwa chini ina vitundu vya kutolea yale yaliyopenya. Ukiyasukuma kwa nguvu kutoka chini yanapita nyuma yake na kwenda kukaa kwenye mbao.

Nikarudisha mashine, nikanunua brashi laini ya mpini wa kurefusha, ile inayounganishwa na mpira wa maji. Dola 38. Kwenye ndoo nachanganya siki nyeupe sehemu 3 na maji sehemu 7. Mchanganyiko huo napaka kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu ukianzia juu michirizi michafu inashuka kwenye ukuta mkavu na kuacha alama. Kusuuza ndiyo naanzia juu, maji yakielekea chini. Nafanya kipande kidogo kidogo, asubuhi kabla ukuta haujapata joto, mchanganyiko usije ukakaukia palepale. Soketi ya nje naifunika na umeme wake nauzima. Mchicha wa mama watoto uko futi mbili tu kutoka ukutani, kwa hiyo naumwagia maji kabla na baada, la sivyo nisingekula.

Jiki nayo inaua ukungu, lakini ukishatumia siki usiiguse. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, na hiyo haina mchezo. Wala usiichanganye na dawa yoyote yenye amonia.

Jirani aliiona kazi akataka kuazima brashi. Yake ni nyumba ya zamani, ya mbao iliyopakwa rangi, nikamwambia apime rangi kwanza. Nyumba za Marekani zilizojengwa kabla ya 1978 huenda zikawa na rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, na ukiisugua au kuipiga presha unaitawanya uani watoto wanakochezea.

Mashine naipa nyota 2 kati ya 5, na hizo ni za saruji ya kuegeshea gari, ambayo iling'aa kweli. Brashi naipa 4. Ilinichukua Jumamosi mbili na mabega yaliuma, lakini nyota ninayoikata ni ya kiungio cha mpini: kinavuja, na ukiinua mikono maji yanashuka taratibu kwenye mkono wa shati mpaka kwapani. Funga utepe wa mafundi bomba kabla hujaanza.

Kile kibao kilichopasuka bado kipo. Mama watoto ameweka chungu cha maua mbele yake.