Uzoefu wangu: kina mama wa muheme kwenye makazi ya wazee, Dodoma

Bibi yangu ni Mgogo wa Mvumi. Ana ugonjwa wa kusahau, na Kiswahili kimeshampotea, kimebaki Kigogo. Anaishi kwenye makazi ya wazee hapa Dodoma, ambako Jumamosi asubuhi huja kikundi cha kina mama wapiga muheme (ngoma ya wanawake wa Kigogo) na mzee mmoja mpiga zeze, kinanda cha nyuzi. Sisi ndugu tunachanga nauli na chai yao, basi.

Kilichonigusa kwanza ni namna wanavyoingia. Hawaanzi na ngoma. Wanapita kwa kila mzee, wanapiga goti, wanamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", wanamshika mkono na kusubiri jibu hata likichelewa. Ndipo zeze linaanza, taratibu. Siku niliyokuwepo bibi alikuwa amekataa uji na hakunitambua. Waliposogeza ngoma karibu yake, aliivuta mwenyewe, akaibana katikati ya mapaja kama wanawake wa Kigogo wanavyoipiga, akaanza kwa viganja. Kiitikio kilipofika akaitikia, neno kwa neno, wimbo ambao mimi mjukuu sijawahi kuusikia. Nililia, sifichi.

Haponi, tuelewane. Jioni hakumbuki kama alipiga ngoma. Lakini siku hiyo hagombani na wanaomwogesha, na chakula anakula. Wataalamu wanaeleza kwamba kumbukumbu ya muziki mara nyingi hudumu hata Alzheimer, ugonjwa wa kusahau, ikishafuta mambo ya majuzi, na nyimbo zinazoshika zaidi ni za ujana. Kwaya za siku hizi wala hazimshtui bibi.

Upungufu upo. Kikundi ni cha Kigogo tu, kwa hiyo mzee mmoja Mrangi wa Kondoa alikuwa anakaa pembeni, ananyamaza. Nikamwekea nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa dansi wa zamani, kwenye simu, sauti ya chini, na mguu ukaanza kupiga sakafu. Na jihadharini na vikundi vya spika kubwa: kimoja kilikuja hapo, wazee wakaziba masikio, wengine wakaanza kuhangaika kutafuta mlango.

Mkiwaalika wapiga ngoma, waambieni mapema mzee wenu ametokea wapi na alicheza ngoma gani ujanani. Ombeni waje asubuhi baada ya chai, maana jioni wengi huchanganyikiwa zaidi. Nusu saa inatosha. Na ninyi ndugu kaeni naye, itikieni, msimuulize "unanikumbuka?"